Mchagua jembe sasa ndiye mkulima
Safari ya chuma kutoka mawe ya Liganga hadi mashamba ya Mlali

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Walikuwa na maana kwamba mwenye nia ya kulima hulima kwa jembe lolote lililo mkononi mwake. Lakini wahenga hao waliishi wakati jembe lilipofuliwa na mhunzi wa jirani. Likipinda, nyumba ya mhunzi ilijulikana. Leo jembe linatoka kiwandani, mara nyingi nje ya nchi, limepakwa rangi ya kupendeza, na likipinda katika msimu wa kwanza mkulima hana wa kumrudishia.

Kwa wakulima wa Mlali, katika Wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, jambo hili si dogo. Mlali iko chini ya Milima ya Uluguru, kando ya barabara inayoiacha ile ya Iringa pale Sangasanga, ikapita Mzumbe na Kipera, kisha ikapanda kuelekea Mgeta. Huku chini kuna mpunga, mahindi na nyanya. Kule juu kuna kabichi, njegere, karoti na viazi mviringo.

Trekta linaweza kufanya kazi kwenye tambarare. Ukishaanza kupanda mlima, hakuna plau wala trekta dogo la mkono linaloweza kugeuka kwenye miteremko ile. Huko ni jembe la mkono, panga na mundu, tangu kusafisha shamba hadi kuvuna.

Kwa mkulima wa namna hiyo jembe ni mtaji. Likipasuka katikati ya maandalizi ya shamba, anapoteza fedha aliyolinunulia, anapoteza siku ya kwenda kutafuta jingine, na mvua haimsubiri. Mwenye duka la vifaa naye anapoteza, kwa sababu mteja aliyeuziwa jembe bovu hamlaumu mwenye kiwanda asiyemjua. Anamlaumu aliyempa jembe na kupokea fedha.

Ndiyo maana inafaa mkulima na mfanyabiashara mdogo wajue chuma kinatoka wapi, kinageuzwaje kutoka jiwe hadi kuwa chuma cha pua, na kwa nini majembe mawili yanayofanana dukani yanaweza kuwa tofauti kabisa shambani.

Jiwe la chuma ni ndugu wa kutu

Kila mkulima anaijua kutu. Jembe likiachwa nje kwenye unyevu, chuma chake huungana na hewa ya oksijeni na kuwa unga mwekundu. Mawe yenye madini ya chuma yako karibu sana na unga huo. Ni chuma kilichoungana na oksijeni tangu zamani, kikawa mwamba. Ndiyo sababu mawe mengi ya namna hiyo, na hata udongo mwekundu wa mashambani, yana rangi inayofanana na kutu.

Wataalamu huyagawa mawe hayo katika aina kadhaa. Mbili zilizo maarufu ni hematiti, ambayo ikisagwa hutoa unga mwekundu, na magnetiti, ambayo ni nyeusi na hunaswa na sumaku. Hematiti safi kabisa ina chuma kwa asilimia 70 hivi, na magnetiti safi asilimia 72. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni oksijeni.

Kwa hiyo kazi ya kupata chuma ni kazi ya kuirudisha kutu nyuma, yaani kuiondoa oksijeni kutoka kwenye jiwe. Moto peke yake hautoshi. Anahitajika mwingine wa kuipokea oksijeni hiyo, na huyo ni kaboni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya makaa.

Makaa yakiungua mahali penye hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Ni gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi hiyo ina njaa ya oksijeni. Ikipita kwenye mawe ya chuma yaliyo moto sana, huinyakua oksijeni na kuacha chuma.

Wazee waliijua kazi hii

Elimu hii haikuja Tanzania na Wazungu. Katika Wilaya ya Mvomero yenyewe, huko Dakawa, wanaakiolojia walikuta mabaki ya shughuli za kuyeyusha chuma zilizofanyika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Mkoani Kagera, wataalamu wawili kutoka Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliwakuta wazee wa Kihaya waliokuwa bado wanakumbuka namna ya kuyeyusha chuma, ingawa kazi hiyo ilikuwa imekoma miongo mingi kabla. Katika miaka ya 1970 wazee hao walijenga tanuru upya na kulifanyia kazi mbele yao. Schmidt na Avery walichapisha matokeo mwaka 1978 katika jarida la Science, wakaripoti joto lililozidi nyuzi 1,800 za Selsiasi.

Siri waliyoieleza ilikuwa kwenye mifereji ya udongo iliyopeleka upepo wa mivukuto. Wahaya waliiingiza mifereji hiyo ndani kabisa ya tanuru, hivyo hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu ukubwa wa faida ya hewa hiyo ya moto. Lakini hakuna anayebisha kwamba kando ya Ziwa Victoria chuma kizuri, na hata chuma cha pua, kilitengenezwa tangu karne nyingi zilizopita.

Wafipa wa Rukwa nao walijenga matanuru ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu. Matanuru hayo yalivuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mtu wa kuvuta mivukuto. Kilichotoka kilichomwa tena katika tanuru dogo ili kukisafisha, ndipo mhunzi akakifua.

Biashara pia ilikuwepo. Katika karne ya 19 majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Usumbwa na Urongo yalisafirishwa mbali na kuuzwa hadi Unyamwezi. Katika makabila mengi jembe lilikuwa sehemu ya mahari, na mahali pengine lilitumika kama fedha.

Kilichoua kazi hiyo ni bei. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipoanza kuingia kwa wingi wakati wa ukoloni, mhunzi aliyehitaji kukata miti, kuchoma mkaa, kuchimba mawe na kuvuta mivukuto mchana kutwa hakuweza kushindana. Wahunzi wengi waliacha kuyeyusha mawe, wakabaki kufua vipande vya chuma kilichokwisha kutengenezwa na wengine.

Ndani ya tanuru kubwa

Tanuru la kisasa la kuyeyushia mawe ya chuma ni mnara mrefu, na mengine hupita mita 30. Juu yake humwagwa vitu vitatu kwa zamu: mawe ya chuma, koki na mawe ya chokaa.

Koki ni makaa ya mawe yaliyopikwa bila hewa hadi yakabaki magumu na yenye matundu, kama vile kuni zinavyochomwa kwenye tanuri ya udongo zikawa mkaa. Koki hufanya kazi tatu kwa pamoja. Huleta joto, hutoa ile gesi yenye njaa ya oksijeni, na hubeba uzito wa mawe yaliyo juu yake ili hewa ipate njia.

Chini ya mnara hupulizwa hewa iliyokwisha kupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 1,000. Mahali hewa inapokutana na koki, joto hufikia karibu nyuzi 2,000. Gesi hupanda juu, mawe hushuka chini, na njiani oksijeni huondolewa hatua kwa hatua.

Mawe ya chokaa yana kazi yake. Jiwe la chuma huja na mchanga na udongo ndani yake, na chokaa huungana na takataka hizo zikawa uji mwepesi unaoelea juu ya chuma kilichoyeyuka. Wahunzi wa zamani waliuita uchafu huo, ukishapoa na kuganda, mavi ya chuma. Siku hizi hautupwi wote. Sehemu kubwa husagwa na kuchanganywa kwenye saruji au kutumika kujengea barabara.

Chuma chenyewe hutoka chini kama mto wa moto wa nyuzi 1,500 hivi. Hapo mtu angedhani kazi imekwisha. Kumbe bado. Chuma hicho kimekaa muda mrefu pamoja na koki, kimelewa kaboni hadi kufikia asilimia 4 au zaidi. Chuma cha aina hiyo ni kigumu lakini kinavunjika kama chungu. Kinafaa kumiminwa kwenye kalibu kutengeneza masufuria mazito, mifuniko ya mifereji au vipuri vya mashine. Ukikifanya jembe, jiwe la kwanza utakalolipiga litalivunja.

Kupunguza kaboni ndiyo kazi ya kufanya chuma cha pua

Tofauti kati ya chuma kinachovunjika, chuma kinachopinda na chuma kinachokata ni kaboni kidogo tu.

Msumari, waya na nondo za kawaida zina kaboni ya kama asilimia 0.1 hadi 0.3. Ndiyo maana msumari hupinda bila kuvunjika. Chuma kinachofaa kwa jembe na panga kina asilimia 0.4 hadi 0.7 hivi. Springi za lori ziko humo humo. Tupa, ambayo kazi yake ni kuuma vyuma vingine, huwa na asilimia 1 au kuzidi. Ikipita asilimia 2, hicho si chuma cha pua tena.

Basi kiwanda lazima kikitoe chuma kwenye asilimia 4 na kukishusha hadi kiwango kinachotakiwa. Mwaka 1856 Mwingereza Henry Bessemer alitangaza njia ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Watu walidhani hewa ingekipoza. Kinyume chake, oksijeni ya hewa hiyo iliichoma kaboni iliyokuwa ndani, na moto ukazidi. Kazi iliyochukua siku nyingi ikawa ya dakika chache, na bei ya chuma ikaporomoka.

Mwaka 1952 kiwanda cha mjini Linz, Austria, kilianza kutumia oksijeni tupu badala ya hewa. Njia hiyo ndiyo inayotawala hadi leo. Chungu kikubwa chenye tani mamia ya chuma hupulizwa oksijeni kwa dakika 20 hivi, na kaboni iliyozidi huondoka kama gesi. Baadaye chuma humiminwa, huganda, hupitishwa kwenye magurudumu makubwa yanayokibana, na kutoka kama bamba, nondo au reli.

Kwa wastani wa viwanda vya dunia, tani moja ya chuma cha pua kwa njia hii hutumia mawe ya chuma kilo 1,370, makaa ya mawe kilo 780, mawe ya chokaa kilo 270 na chuma chakavu kilo 125. Ukipiga hesabu kwa jembe lenye uzito wa kilo moja na robo, nyuma yake kuna mawe ya chuma kilo 1.7, makaa ya mawe karibu kilo moja, na mawe ya chokaa kama theluthi moja ya kilo. Hapo hujahesabu umeme, meli, lori na faida ya kila aliyelishika njiani.

Chuma tunacho, jembe tunaagiza

Katika Wilaya ya Ludewa mkoani Njombe kuna mlima wa Liganga. Mawe yake ya chuma yamejulikana tangu enzi za ukoloni, na makadirio yanayotajwa na serikali ni tani milioni 126. Katika wilaya hiyo hiyo, huko Mchuchuma, kuna makaa ya mawe yanayokadiriwa kufikia tani milioni 428.

Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilitia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili kuchimba vyote viwili, kuzalisha umeme na kujenga kiwanda cha chuma. Miaka ilipita katika majadiliano ya vivutio vya kodi na masharti ya mkataba. Mwaka 2023 serikali ilikuwa ndiyo kwanza inawalipa fidia wananchi waliopisha eneo hilo.

Majadiliano ni sehemu tu ya ugumu. Jiwe la Liganga ni magnetiti iliyochanganyika na madini ya titani na vanadi. Madini hayo yana thamani kubwa yakitenganishwa, lakini titani ikiingia kwa wingi kwenye tanuru la kawaida huufanya ule uji wa mavi ya chuma kuwa mzito kama ugali, ukashindwa kutiririka. Yapo mataifa yaliyoweza. China imeyeyusha mawe ya namna hiyo huko Panzhihua tangu mwaka 1970, na Afrika Kusini ilifanya hivyo kwa miongo kadhaa katika kiwanda cha Highveld hadi kilipoanguka mwaka 2015. Lakini inahitaji utaalamu wake, umeme wa uhakika na mtaji mkubwa.

Tena si makaa yote ya mawe yanayofaa kupikwa yakawa koki. Na kutoka Ludewa hadi sokoni ni mbali. Jiwe ni mzigo mzito wenye bei ndogo kwa kilo, hivyo bila reli faida yote inaishia kwenye matairi ya malori.

Matokeo yake yanaonekana Morogoro mjini. Treni ya umeme ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024. Ni mafanikio ya kujivunia, lakini reli zenyewe zililetwa kwa meli kutoka nje.

Kwa upande wa majembe, nchi iliwahi kujaribu. Kiwanda cha Zana za Kilimo cha Ubungo, kilichojulikana kama UFI, kilijengwa kwa msaada wa China, na baadaye kikafuata cha Mbeya, yaani ZZK. Vyote vilitegemea zaidi chuma kilichoagizwa. Fedha za kigeni zilipoadimika, chuma nacho kiliadimika. Biashara ilipofunguliwa, majembe ya bei nafuu kutoka nje yaliingia, na uzalishaji wa viwanda hivyo ukadidimia.

Chuma chakavu ndiyo migodi ya mijini

Pamoja na hayo, Tanzania inatengeneza nondo, na nyingi ya malighafi yake haitoki mlimani bali uani. Ni sufuria za chuma zilizotoboka, injini zilizokufa, bodi za magari, na hata majembe yaliyokwisha.

Chuma kina sifa ambayo mbao na plastiki hazina. Unaweza kukiyeyusha mara nyingi na kikawa chuma kipya, kwa sababu kazi ngumu ya kuondoa oksijeni ilikwisha kufanyika. Tanuru la umeme huyeyusha chuma chakavu bila koki wala mawe ya chuma. Viwanda vya Dar es Salaam na Mwanza vinafanya hivyo, na ndiyo maana wanunuzi wenye mizani hufika hadi vijijini.

Anayekusanya chuma chakavu Mlali yuko mwanzo kabisa wa mnyororo huo. Akijua mambo machache atapata zaidi. Chuma safi kisicho na udongo, mpira wala plastiki kina thamani zaidi. Shaba, aluminiamu na chuma visichanganywe, kwa sababu bei zake hazilingani hata kidogo. Sumaku ndogo itamsaidia: inayonaswa ni chuma, ile ya shaba na aluminiamu hainaswi.

Jambo jingine ni sheria. Biashara ya kukusanya na kusafirisha chuma chakavu inahitaji kibali, na masuala ya vibali hupitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Vyuma vya reli, alama za barabarani, kingo za madaraja na vifaa vya umeme au maji si chuma chakavu hata kama vimelala chini. Anayevinunua huhesabiwa pamoja na aliyeviiba, na daraja likikosa kingo watakaoumia ni wenye mizigo wa kijiji hicho hicho.

Namna ya kulijua jembe zuri

Rangi haisemi kitu. Jembe linaweza kupakwa rangi nzuri likiwa limetengenezwa kwa bamba laini lenye kaboni kama ya msumari. Mnunuzi makini huangalia mambo haya.

Kwanza, uzito na unene. Yashike majembe mawili yenye ukubwa sawa. Lililo jepesi sana limebaniwa chuma, hasa karibu na mahali mpini unapoingia, ambako ndiko jembe hupasukia.

Pili, mlio. Lining'inize kwa kidole kupitia tundu la mpini, uligonge kwa chuma kingine. Lenye mlio wa kengele halina ufa. Lenye mlio uliokufa lina ufa au limeunganishwa vibaya. Lakini kumbuka, mlio hauelezi ugumu. Kwa ugumu kuna tupa.

Tatu, tupa. Isugue kidogo kwenye makali. Ikiuma na kutoa unga mwingi kwa urahisi, chuma ni laini na makali yatakunjika. Ikiteleza kabisa kama kwenye kioo, chuma ni kikavu mno na kitamenyeka kikikutana na jiwe. Jembe zuri liko katikati: tupa inauma, lakini kwa kusitasita.

Nne, cheche. Fundi mwenye mashine ya kunolea anaweza kulijua jembe kwa macho. Chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka. Chenye kaboni ya kutosha hutoa cheche zinazopasukapasuka kama nyota. Mwenye duka anayenunua majembe kwa jumla anaweza kutoa sadaka jembe moja kwa jaribio hili kabla ya kulipia mzigo wote.

Tano, alama. Angalia jina la mtengenezaji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kisha udai risiti. Bila risiti, malalamiko hayana pa kuanzia.

Moto unaoliua jembe

Lipo kosa moja linaloharibu hata jembe bora. Mpini ukikatikia ndani ya tundu, wengi hulitupa jembe jikoni ili kipande kilichobaki kiungue. Njia hiyo ni ya haraka, lakini inaondoa kile ambacho kiwanda kilikiweka.

Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipashwa moto hadi kuwa chekundu, kwenye nyuzi 800 hivi, kisha kikapozwa ghafla, huwa kigumu sana na kikavu. Kiwandani hupashwa tena moto kidogo ili kupunguza ukavu huo, nacho kinabaki kigumu bila kuvunjika ovyo. Jembe likilala kwenye makaa na kupoa taratibu, ugumu wote hupotea. Kuanzia hapo litakuwa likikunjika makali, na mwenyewe atasema majembe ya siku hizi hayafai.

Dawa yake ni rahisi. Toa kipande cha mpini kwa patasi au msumari mkubwa. Ikilazimu kutumia moto, funika makali kwa kitambaa kilicholowa maji, uchome sehemu ya tundu tu na uendelee kumwagia maji upande wa makali.

Kwa wahunzi, hapa ndipo penye soko. Springi chakavu ya lori ina kaboni inayofaa kwa jembe, sururu na panga, na mhunzi anayeifua juu ya kipande cha reli anaweza kutoa zana inayoshinda ya dukani. Wengine hukosea mwishoni. Hufua vizuri, kisha hutupa chombo kwenye maji na kukiuza hivyo hivyo kikiwa kikavu.

Njia sahihi ni kukipasha moto mpaka sumaku isikinase tena, ambayo ni dalili kwamba kimepita nyuzi 770, kuongeza moto kidogo, na kukipoza ndani ya mafuta. Springi ikipozwa kwa maji inaweza kupasuka. Mafuta hayo huweza kuwaka, kwa hiyo kazi ifanyike nje, mbali na nyasi, na mfuniko uwe karibu. Baada ya hapo makali husuguliwa yang'ae, na chombo hupashwa moto taratibu. Rangi zitapita juu yake: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha bluu. Kwa jembe linalopiga mawe ya Uluguru, moto uishie kwenye zambarau au bluu. Kwa kisu, ambacho hakigongwi, uishie kwenye njano.

Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mjini Morogoro, na wahunzi wanaotaka mafunzo au mashine wanaweza kuanzia huko. Wakienda kwa kikundi watasikilizwa haraka zaidi. Vikundi vya wakulima navyo vinaweza kuagiza majembe kwa mhunzi mmoja kwa makubaliano ya maandishi kwamba litakalopinda katika msimu wa kwanza litafuliwa upya bure.

Mawe ya Liganga yatakapoyeyushwa, bei ya chuma nchini inaweza kushuka, ama isishuke. Hilo litaamuliwa mbali na Mlali. Kinachoamuliwa Mlali ni fedha ya jembe la msimu huu, na kwa hiyo, tupa na sumaku ndogo mfukoni havigharimu sana.